Obadiah Mogire Ombui na Kurasa Thelathini na Moja

Wasifu uliosomwa na mdogo wake, Makori Ombui, Nyaramba, Ijumaa tarehe 19 Agosti 1977

Baadhi yenu mlipewa wasifu mwingine uliopigwa chapa siku ya Jumatatu. Tafadhali msiusome, na aliye nao mfukoni amrudishie mjane baada ya ibada. Una sentensi moja isiyo ya kweli, nami ndiye niliyeiandika. Sababu itafika mahali pake.

Tarehe ya kuzaliwa kwa ndugu yetu Obadiah ilikuwa na mashaka tangu mwanzo. Kipande chake, yaani kitambulisho, kilisema 1928. Kadi ya ubatizo ilisema tarehe 12 Machi 1931. Mama yetu, marehemu Bitutu, alisema ni mwaka wa nzige, wakati wimbi lilipokuwa limeliwa lote na watu wakitazama chini wanapopita mashambani. Tumefuata neno la Mama na kadi ya ubatizo, kwa kuwa vinakubaliana. Alizaliwa katika boma hili, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa mzee Ombui na Bitutu.

Aliingia shule ya misheni mwaka 1940 akatoka mwaka 1948 baada ya kumaliza darasa la nane. Mwalimu wake wa hesabu alimkuta siku moja na picha kwenye kibao mahali palipotakiwa kuwa na hesabu za kugawanya. Ilikuwa picha ya mwalimu mwenyewe, na mfuko wa shati lake ukiwa umechanika upande wa kushoto, kama ulivyokuwa. Alimchapa viboko vinne. Kesho yake mwalimu alikuja na mfuko umeshonwa. Obadiah aliposimulia jambo hilo alikuwa akisema, "Viboko vilikuwa vyangu, lakini marekebisho yalikuwa yake."

Alifunga ndoa kanisani na Bathsheba Gesare wa Nyamache tarehe 18 Desemba 1951. Mungu aliwapa watoto watano, wa kwanza Ishmael.

Alifundisha shule za msingi bila cheti tangu 1949 hadi 1962. Mwaka 1963 aliajiriwa Kisii katika ofisi ya upimaji wa ardhi kama mchora ramani. Kazi yake ilikuwa kupitisha wino mweusi juu ya mistari ya penseli iliyoletwa na wapimaji. Huko alijifunza kushika kalamu ya nibu bila mkono kutetemeka, kukwangua kosa kwa ncha ya wembe pasipo kutoboa karatasi, na kuandika herufi ndogo zilizosimama sawasawa. Alijifunza pia kwamba mtu anayechora mipaka hapendwi, hata kama hakuiamua.

Mwaka 1967 upimaji ulifika upande wetu. Mpaka kati yetu na jirani yetu Zachariah Ratemo ulikuwa na shaka kando ya mto, kipande cha upana wa hatua kumi na nne. Wazee wa kamati walikaa siku mbili, wakasema ni chetu. Obadiah hakuwa katika kamati hiyo, na karatasi ya upande wetu ilichorwa na mtu mwingine. Niliiona sahihi ya mtu huyo kwa macho yangu. Zachariah hakukubali. Alimwita ndugu yetu "Bwana Wino" sokoni, na watu wakacheka, na jina likabaki.

Juni 1970 Obadiah aliacha kazi ya ofisi akarudi nyumbani kulima chai, na kufanya jambo ambalo wengi wetu hatukulielewa. Alianza kutengeneza kitabu cha hadithi kwa picha. Hadithi ilikuwa ya Mama. Katika mwaka wa nzige, akiwa na mimba ya kwanza, Bitutu alitembea kutoka hapa hadi upande wa ziwa kutafuta nafaka, akarudi na debe moja la wimbi kichwani. Mimba hiyo ilikuwa Obadiah. Kwa hiyo yeye mwenyewe yumo katika kila ukurasa, tumboni.

Nataka mjue kazi hiyo ilivyokuwa, kwa sababu mashaka mengi yalitokana na kutoijua. Kila ukurasa aliugawa katika visanduku sita, akaviita vyumba. Kwanza alichora kwa penseli nyuma ya kalenda za zamani. Halafu alibandika mchoro huo kwenye kioo cha dirisha, mwanga wa asubuhi ukapita, akaunakili kwenye karatasi safi aliyoinunua Kisii. Mwisho alipitisha wino. Maneno ya watu aliyaandika ndani ya mawingu madogo juu ya vichwa vyao. Ukurasa mmoja ulichukua kati ya siku kumi na tano na ishirini na tano. Siku za Ijumaa aliosha nibu zake kabla jua halijatua, akazifunga kwenye kitambaa hadi Sabato ipite.

Ukurasa wa 17 ni wa nzige. Niliwahesabu: ni 1,143, na kila mmoja ana miguu. Bathsheba alisimama mlangoni na sufuria mkononi akamwuliza, "Baba Ishmael, hao nzige wako nani atawalisha? Si ungepaka tu wino mweusi, watu waelewe?"

Obadiah hakuinua kichwa. "Mama aliwaona mmoja mmoja."

Hakuchora kitu bila kukiona. Bathsheba alisimama uani na mtungi kichwani mpaka shingo ikakataa. Mimi nilisimama na fimbo nikawa askari wa ukoo. Mama alikaa kwenye kigoda chake akisimulia, naye akiuliza: mto ulikuwa upande gani, jua lilikuwa wapi, ulivaa nini miguuni. Siku moja alimwonyesha ukurasa uliokamilika. Mama aliutazama kwa muda.

"Mbona kuna moshi unanitoka mdomoni?"

"Si moshi, Mama. Ni maneno yako."

"Nimesema nini?"

"Umesema umechoka."

"Sikusema," Mama alijibu. "Nilichoka, lakini sikusema. Nani angenisikia njiani?"

Obadiah aliichukua karatasi, akakwangua wingu lote kwa wembe. Ilimchukua asubuhi nzima. Mahali hapo pamebaki peupe hadi leo.

Ili kuchora kurudi kwa Mama nyumbani, ilibidi achore nyumbani palivyokuwa zamani. Hapo ndipo alipoonekana akitembea kando ya mto na daftari, akihesabu hatua, akisimama, akiandika. Zachariah alimwona kutoka shambani kwake. Watu walimsikia akisema sokoni, "Mtu haachi kazi ya kuchora mipaka ya mshahara ili aje achore mipaka ya bure. Anatafuta hatua nyingine kumi na nne." Mwaka 1974 watu watatu waliacha kumsalimia Obadiah. Wawili wao wako hapa, na sitawataja. Mlango wa chumba chake ulifungwa ili kuku wasiingie kukanyaga wino, lakini nje ilisemekana umefungwa kwa sababu nyingine. Niliwahi kuulizwa na mama mmoja wa kanisa letu kama ni kweli mtu akichorwa uso anakonda.

Kitabu kilikamilika Ijumaa tarehe 28 Machi 1975, saa kumi alasiri, kurasa 92. Nilizihesabu pamoja naye. Alikuwa na nia ya kuzipeleka Nairobi kwa wapiga chapa.

Lakini malalamiko ya Zachariah yalikuwa yamefika kwa naibu wa chifu, naye aliweka siku: Jumatano tarehe 2 Aprili angekuja na wazee kukagua hayo makaratasi. Obadiah hakuogopa. Jumanne alimwita Zachariah nyumbani, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka minane.

"Nina ukurasa mmoja nataka uuone kabla ya wazee," alimwambia. "Ni wa 88."

"Unioneshe peke yangu, halafu kesho useme nilikubali?" Zachariah alimjibu. "Nitauona na mashahidi, Bwana Wino."

Hata hivyo aliketi katika chumba cha kurasa, kwa kuwa Bathsheba alikuwa ameweka chai motoni na si adabu kuondoka. Obadiah alitoka kumfunga ndama. Zachariah alikuwa peke yake mle ndani kwa muda wa chai kuchemka. Niliandika hivyo katika daftari langu jioni ile, na saa nikaandika.

Jumatano asubuhi meza iliwekwa uani. Naibu wa chifu alikuwepo na wazee watano. Obadiah alitoa kurasa ndani ya sanduku lake la bati akazipanga. Zilikuwa 61. Kuanzia ukurasa wa 62 hadi wa 92 hazikuwemo.

Mtu hawezi kusahau uso wa mtu mwingine katika saa kama ile. Obadiah alizihesabu mara tatu. Kisha akasema polepole, "Ukurasa wa 88 ulikuwa unaonyesha miti ya mpaka, ilivyosimama mwaka wa nzige. Ulikuwa unasema kipande kile ni cha baba yake Zachariah."

Zachariah alicheka, na hakikuwa kicheko kizuri. "Kwa hiyo ukurasa usiopo ndio unaonitetea?"

Wazee walimgeukia Mama, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chake kando ya jikoni, wakamwuliza kama anaikumbuka miti hiyo. Mama alikuwa amemsimulia Obadiah juu ya miti hiyo mti kwa mti, nami nikiwepo. Alitazama miguu yake.

"Mimi ni mzee," alisema. "Sikumbuki miti."

Wazee walikunywa chai wakaenda. Jumapili iliyofuata Mama alianguka jikoni, upande mmoja wa mwili ukafa na ulimi ukafungwa. Alifariki Jumatatu tarehe 14 Aprili. Tulipotaka kumvika, kitambaa chake cha kichwa cha kijani, kile cha kanisani, hakikuonekana. Tulimvika kingine. Niliandika katika daftari: kitambaa cha Mama kimepotea. Niliandika ukurasa tofauti na ule wa kurasa zilizopotea, na sikuwahi kuzisoma kurasa hizo mbili pamoja.

Nyumba yote ilitafutwa. Jikoni, ghala la mahindi, banda la ng'ombe, hata chini ya majani ya paa la kuku. Nyumba moja tu katika boma hili haikutafutwa, nayo ni ya kijana wake Ishmael, aliyeoa Desemba 1973. Kwa desturi yetu ya ensoni, baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, na Obadiah, ingawa alikuwa mzee wa kanisa, hakuvunja heshima hiyo hata siku moja. Isitoshe nyumba ilikuwa imefungwa. Mke wa Ishmael, Nyanchera, alikuwa ameondoka Jumatatu ya Pasaka kumfuata mumewe Nakuru. Hakuna aliyeona sababu ya kuifikiria.

Kwa hiyo tulimfikiria Zachariah. Watu walisema ameziuza, wengine ameziwashia moto. Ng'ombe wake walipougua hakuna aliyekwenda kumtazama. Wanaume walihama benchi kanisani alipoketi. Mimi nilikuwa na tarehe na saa, na nilizitoa kila nilipoulizwa, na nilipokuwa sijaulizwa pia.

Siku moja nilimsomea Obadiah nilivyoandika: kwamba Zachariah ndiye aliyechukua. Aliweka kalamu chini.

"Ulimwona?"

"Sikumwona."

"Basi hujui. Na mimi sijui. Andika hujui, Makori."

Sikuandika.

Mei 1975 alianza kuchora upya kurasa zile thelathini na moja, kutoka kichwani. Nilimsihi aanze na wa 88, awaonyeshe wazee, mambo yaishe. Bathsheba naye alimsihi. Alikataa. Alisema ukurasa uliochorwa peke yake ili kushinda kesi si hadithi, ni kesi. Angefika 88 akitoka 87. Alianza na 62 na hakuruka hata mmoja.

Maradhi yake yalianza mwishoni mwa mwaka huo. Alikuwa akinywa maji mengi, na mistari ilianza kumwonekea miwili. Hospitalini Kisii alipimwa tarehe 9 Februari 1976, daktari akasema ni ugonjwa wa sukari. Nataja hili wazi kwa sababu nimesikia yanayosemwa: kwamba alilamba nibu, kwamba wino una sumu, kwamba kuna kitu kilifukiwa mtoni. Ilikuwa sukari. Karatasi ya daktari iko kwangu, na mwenye shaka aje aisome. Macho yalipopungua alichora vyumba vikubwa zaidi, vinne kwa ukurasa, kisha viwili. Alimaliza ukurasa wa 79 tarehe 30 Julai mwaka huu. Alifariki hapa nyumbani Jumapili tarehe 14 Agosti, saa moja asubuhi, Bathsheba akiwa amemshika mkono. Ilibaki kurasa nane kufika 88.

Jumatatu niliandika wasifu wa kwanza. Ulisema kurasa zake ziliibwa na jirani. Zachariah alikuwa amesimama nje ya ua tangu Jumapili, na hakuna aliyemkaribisha.

Jumanne saa nne Nyanchera, aliyekuwa amefika usiku wa kuamkia siku hiyo pamoja na Ishmael, alipanda darini mwa nyumba yake kutafuta nyungo za kupepetea wimbi la wageni. Juu kabisa, nyuma ya kikapu cha mbegu, alikuta ungo umefunikwa na mwingine, na katikati kitu bapa kilichofungwa kwa kitambaa cha kijani. Aliniita, kwa kuwa mimi si baba aliyemzaa mumewe na angeweza kuniita.

"Baba mdogo," alisema, "nilipoondoka Pasaka ile, nyanya ndiye niliyemwachia ufunguo."

Tulifungua. Zilikuwa thelathini na moja, kavu, bila tone la maji. Nyanya na mjukuu hawana ensoni, na Mama angeweza kuingia nyumba ile wakati wowote. Alichagua mahali pekee ambapo mwanawe hangeweza kumfuata. Kwa nini alifanya hivyo, ulimi wake ulifungwa kabla hajasema, na sitaandika nisichokijua. Ukurasa wa 88 unaonyesha Bitutu akifika nyumbani na debe lake, na mstari wa miti hatua kumi na nne upande wetu wa mpaka wa leo. Kama alitaka kulinda shamba la mwanawe au kumlinda mwanawe na ugomvi, mtamwuliza yeye siku ya ufufuo.

Kuna jambo moja nililitafuta Jumanne ile kwa makusudi. Katika ukurasa wa 79 Bitutu amefika mtoni, maji yamejaa, na kijana mmoja anajitwika debe lake begani na kumvusha akimshika mkono. Kijana huyo ni marehemu mzee Ratemo, baba yake Zachariah. Ukurasa huo Obadiah aliuchora mara mbili: mara ya kwanza mwaka 1974, mara ya pili mwezi uliopita, akiwa amesikia kwa miaka miwili kila tulichosema. Niliziweka kando kwa kando. Nilitaka kuona kama alimharibu uso, au kama alimwondoa. Hakumwondoa. Ni uso uleule, na mkono ni uleule. Katika ule wa pili, aliouchora macho yakiwa yamekwisha, mkono umechorwa mkubwa zaidi.

Jumatano tulimwita Zachariah aingie uani. Aliketi mezani pale pale, akaona wa 88, kisha nikamtajia wa 79, akaomba kuona zote mbili.

"Huyu ni Baba," alisema.

"Ni yeye," Bathsheba alimjibu.

"Alinialika kuuona. Nikataka mashahidi."

Ishmael alisema kipande cha mto kitarudi, na kwamba atakwenda naye kwa naibu wa chifu baada ya mazishi. Zachariah alitikisa kichwa kama mtu anayekataa chakula mara ya kwanza kwa heshima. Bathsheba akamwambia, "Pokea. Mume wangu alishakupa mwaka 1974, kwa wino. Sisi ndio tuliochelewa."

Nami nilisema yaliyokuwa yangu mbele yake, na sitayarudia hapa isipokuwa hili: daftari langu lilikuwa na saa sahihi na tarehe sahihi, na jina lisilo sahihi. Nimelikwangua kwa wembe wa Obadiah. Mahali hapo pamebaki peupe.

Jana, tulipochimba kaburi, Zachariah Ratemo alikuwa wa kwanza kushika jembe, na wa mwisho kuliweka chini.

Marehemu amemwacha mjane wake, Bathsheba Gesare; watoto wake Ishmael, Mokeira, Nyangate, Thadeus na Bitutu mdogo; mkaza mwana wake Nyanchera, na mjukuu mmoja; ndugu zake watatu; na jirani yake, Zachariah, ambaye jina lake linatakiwa kuwa katika orodha hii. Ameacha kurasa 92, zitakazopelekwa Nairobi, na kurasa 18 za ziada, zitakazobaki nyumbani.

Alikufa akidhani kazi yake haijaisha. Ilikuwa imeisha tangu Ijumaa ile ya Machi, saa kumi alasiri, nibu zikiwa zimeoshwa. Pumzika sasa, Obadiah, mpaka Bwana akuamshe. Hakuna ukurasa uliobaki.